Darubini ya Jicho Moja Kutoka Biharamulo

Nilikwenda Biharamulo kwa sababu kikundi chetu cha kuongoza watazama ndege hapa Ngara kimechoka kuaibika. Wageni wanakuja kuona korongo taji, sisi tunawaonyesha vidoa vya kijivu ng'ambo ya bonde la Ruvubu. Darubini zetu za macho mawili hazifiki kule. Mkanituma, wenzangu, nitafute ya jicho moja, ile ya kusimamisha kwenye miguu mitatu, ila iwe nyepesi, maana mbebaji ni mimi na vilima vyetu mnavijua.

Alfajiri niliondoka na shemeji yangu Audax, aliyekuwa anapeleka ndizi kwa pikapu yake. Kuhusu ndege, Audax anamjua kuku. Tukapita Nyakahura na Lusahunga nyuma ya malori, vumbi likituingia hadi kooni.

Tulifika Biharamulo jua limeshapanda. Muuzaji, jamaa aliyewahi kuendesha magari ya watalii, alikuwa na darubini mbili katika chumba nyuma ya soko. Akamsalimia Audax, akamvutia kiti Audax, akaanza kumweleza Audax.

"Chukua hii kubwa, mzee. Inakuza mara sitini."

"Mnunuzi ni mimi," nikasema.

"Sawa, mama." Akamgeukia tena Audax. "Hiyo ndogo ni ya watoto."

Masikio yaliniwaka. Nikachungulia ile kubwa, miwani ikiwa usoni, nikaona kitundu kama cha ufunguo.

"Vua miwani," akaniambia.

Nivue! Ndege akiruka nitamfuataje, kwa kunusa? Nikaomba tuzitoe nje. Akakataa, eti vumbi. Eti nitazame kalenda iliyokuwa ukutani.

"Mimi siongozi watu kutazama kalenda!" Nadhani nusu ya soko ilinisikia.

Audax akasimama. "Ndugu, mimi nauza ndizi. Mpe shemeji anachotaka."

Kwa neno la mwanamume, mlango ukafunguliwa. Hilo lilinikera kuliko yote.

Nje nilielekeza ile kubwa kwenye miti ya upande wa boma la Wajerumani. Kwa mara sitini, mvuke wa joto ulichezesha majani kama yako ndani ya maji, na nilipogusa tu chombo, mti wote ukapotea. Nikaulizia lenzi nyingine ya kuchungulia. Akaitoa kwenye droo shingo upande, ya mara ishirini, akidai watu hawaitaki. Tukaifunga kwenye ile ndogo. Nikaona duara zima bila kuvua miwani, na kunguru juu ya tawi, hadi mpaka wa weusi na weupe shingoni mwake. Nikaichukua. Ikaingia kwenye mkoba wangu, na hasira yangu nikaondoka nayo vilevile.

Alasiri, tulipokaribia tena Nyakahura, niliona korongo wawili kwenye matete ya bonde. Nikamsimamisha Audax, nikatega miguu mitatu pembeni mwa shamba la maharage. Mama mmoja, mkubwa kwangu, akaja mbio na jembe mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Sitaki shikamoo yako! Nani kawatuma kupima ardhi? Walikuja wengine na chombo kama hicho, wakachomeka vigingi katikati ya maharage yangu. Hakuna aliyeniuliza!"

"Sipimi, mama. Natazama ndege, naongoza wageni wanaokuja kuwaona."

"Ndege! Nyie mnatuona wajinga?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali nilioubeba kutoka sokoni. Lakini miguu mitatu ilikuwa shambani kwake, na sikuwa nimebisha hodi. Nikarudi nyuma. "Samahani. Njoo utazame mwenyewe."

Akainama huku kashika jembe lake. Alikaa hivyo muda mrefu, kisha akasema kitu kwa Kisubi, polepole.

"Wana kinda," akaniambia kwa Kiswahili. "Nalima hapa tangu niolewe, sikujua wanazalia pale." Akainuka. "Ukileta wageni, wapite nyumbani kwangu kwanza. Nikisema leo hapana, ni hapana."

Nikamkubalia.

Wenzangu, darubini chagueni nje, juani, kwa macho yenu na miwani yenu, na msikubali kuuziwa ukubwa wa namba. Hilo nimejifunza. Lakini kesho darubini haitoki mkobani kabla hatujapita nyumba kwa nyumba kwa wenye mashamba ya bonde la Ruvubu, tuwaombe ruhusa ambayo hatujawahi kuiomba. Anayeona huo ni usumbufu, abaki kwake.