Inchi Nilizojipunguzia

Mdogo wangu aliniambia niwe mpambe wake tukiwa tunachambua maharage mlangoni kwa chumba chetu cha kupanga, Ipagala. Hakuniomba. Alisema tu, "Dada, kwenye sendofu yangu utasimama na mimi," akaendelea kurusha vijiwe vumbini. Nikasema sawa. Kisha nikatumia wiki tatu kutafuta namna ya kusema hapana.

Mimi ni mnene. Sisemi "nimejaaliwa" wala "nina mwili kidogo", maneno ambayo watu hunipa taratibu kama wanaotoa pole msibani. Nimekuwa hivi tangu darasa la nne, na tangu chuo nilikuwa navaa sweta jeusi la mikono mirefu, hata mwezi wa kumi, jua la Dodoma likiwa limekaa utosini. Aliyeniuliza kama sisikii joto nilimwambia nina mafua. Mikono ndiyo iliyonisumbua kuliko tumbo. Tumbo unaweza kulifunika kwa mkoba, lakini mkono ukiinuliwa unatikisika mbele za watu. Niliwahi kukaa kipindi kizima darasani nikiwa na jibu, nisinyooshe mkono kwa sababu siku hiyo nilivaa blauzi.

Pia mimi ni mtu wa kuwaza. Nilimaliza chuo mwaka juzi, nimeitwa kwenye usaili mara kadhaa, na kila nikirudi hulala nikijiuliza kama yule niliyemwamkia shikamoo hakuwa rika langu. Mdogo wangu anafundisha chekechea na huamua mambo kabla chai haijapoa. Husema, "Wewe dada hata salamu unaiandikia rasimu." Ni kweli. Kwenye simu yangu ujumbe ambao sijautuma ni mwingi kuliko niliotuma.

Gauni alilonichagulia lilikuwa la satini, manjano ya alizeti, kata mikono, linabana mpaka magotini kisha linafunguka. Alinionyesha picha yake kwenye simu. Mwanamke aliyelivaa angeweza kuingia mara mbili katika gauni langu lolote.

"Ndiyo hili," akasema. "Weusi wako huu na manjano, utawaka."

Akaituma picha kwenye grupu la familia. Mama mkubwa, dada yake mama, akajibu kwa ujumbe wa sauti. Ana sauti ya upole siku zote. "Gauni zuri, wanangu. Ila mpambe si huwa analingana na bibi harusi, ili picha ikae vizuri? Nauliza tu." Mimi niliusikiliza ujumbe ule mara sita. Labda alikuwa anauliza kweli. Labda mama ndiye aliyemtuma aulize. Labda wote walikuwa wameshalizungumza, wakamchagua yeye kwa sababu ya ule upole.

Fundi alikuwa mama mmoja wa Kondoa anayeshonea Nkuhungu, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Alikuwa na sare za shangazi na binamu zetu wote, wengi wako mbali, kwa hiyo vipimo vilitumwa kwenye grupu. Mimi niliyekuwa karibu alinipigia. "Mwanangu, wewe njoo nikupime mwenyewe." Nikamwambia nina usaili. Sikuwa na usaili. Nilifunga mlango, nikajipima kwa futi mbele ya kioo, nikaandika namba zangu kwenye karatasi. Nilipofungua grupu kuzituma, nikaona viuno vya binamu zangu vimepangwa pale juu: ishirini na nane, thelathini, thelathini na mbili. Changu kilikuwa arobaini na nne. Nikaandika arobaini. Kifuani nikapunguza tatu, mkono nikapunguza mbili. Nikajiambia zimebaki wiki tatu, nitakula kidogo. Nikajiambia satini inavutika. Satini haivutiki.

Kisha nikamwandikia fundi pembeni: aniwekee mikono mirefu, ibane, na asimwambie bibi harusi, namwandalia jambo.

Jumapili ya wiki ya sendofu niliandika ujumbe kwa mdogo wangu: "Gauni limenikataa kabisa. Nimejaribu. Mchukue rafiki yako, yeye ni saizi yako, picha zitakaa vizuri. Usinijali." Gauni lenyewe nilikuwa sijaliona. Sikuutuma. Niliuacha pale pale, kama mtu anayeacha mlango wa uani bila komeo.

Alhamisi tukaenda wote wawili kulijaribisha. Niliingia nyuma ya pazia na sweta langu, nikatoka na gauni limenikwama. Zipu ilikuwa wazi mgongo mzima. Mikono ilikuwa imefika juu kidogo ya viwiko ikagoma, nami nikabaki nimeinamisha mabega kama mtu aliyefungwa kamba.

Mdogo wangu hakucheka. Alizunguka nyuma, akaivuta zipu, akaiachia. "Na hii mikono imetoka wapi?"

"Dada yako aliagiza," fundi akasema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Alisema anakuandalia jambo."

"Haya. Tusipanike. Simu yangu imezima, nipe yako nimpigie mama, labda kule nyumbani Kibaigwa kitapatikana kitambaa cha rangi hii."

Nilimpa kwa sababu mikono yangu ilikuwa imekamatwa na akili yangu pia. Nilikumbuka nikiwa nimechelewa. Jina lake lilikuwa juu kabisa kwenye orodha ya ujumbe, na chini yake neno "rasimu" na mwanzo wa sentensi. Akaifungua. Akasoma, midomo ikichezacheza.

"Gauni umelivaa leo," akasema. "Hii uliandika lini?"

Nikajaribu kuchomoa mkono mmoja, ukagoma.

"Dada. Lini?"

"Jumapili."

"Na vipimo?"

"Nilipunguza."

Aliiweka simu juu ya meza ya kukatia vitambaa, taratibu mno, akatoka nje. Ningeweza kustahimili angepiga kelele.

Fundi alisimamisha cherehani. Alinivua gauni kama anavyovuliwa mtoto, akanipa kanga nijifunge, akaligeuza gauni ndani nje na kunionyesha mishono ya ubavuni. Palikuwa na kitambaa kipana kilichokunjwa.

"Inchi mbili kila ubavu," akasema. "Kila anayenitumia vipimo kwa simu namwachia. Mnadanganya nyote, mwanangu. Wanene wanapunguza kiuno, wembamba wanaongeza kifua. Kuna mmoja alijiongezea mpaka urefu, sijui alidhani nitamrefusha."

Nilicheka huku machozi yakitoka.

"Hapa kwenye mwili nitafungua na litakukaa. Mikono sikuiachia kitu, ulisema ibane, na kitambaa kimekwisha. Ukitaka nitaitoa, shingo na makwapa nitayamalizia vizuri." Akatazama mlangoni. "Gauni ni kazi yangu. Huyo aliyeko nje sina cherehani yake."

Nikatoka na kanga yangu. Mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye ngazi, upepo ukipeperusha vumbi la barabara na mifuko ya plastiki. Nikakaa pembeni yake. Nilikuwa nimeshapanga sentensi tatu za kuomba radhi, zote zikapotea.

"Nilidhani unaona aibu na mwili wako," akasema. "Hilo nalijua, nimeishi nalo, ndiyo maana nikakuchagulia manjano. Kumbe ni mimi unayetaka kunikimbia."

"Sikukimbii. Niliogopa kukuharibia picha."

"Picha za nani?"

"Zako. Utazitazama miaka yote, na kila ukizitazama utaniona mimi kwanza."

"Sasa si ndiyo nataka?" Alifuta pua kwa kiganja. "Mimi siku ile watu wote wale wakinikodolea macho sitajua pa kuangalia. Nilipanga nikuangalie wewe. Nimwangalie nani mwingine, wale rafiki zangu? Wale watakuwa wanajiangalia wenyewe kwenye simu."

Nikamwambia ukweli ambao nilikuwa sijajiambia hata mwenyewe: kwamba sijui kama nilipunguza zile inchi kwa sababu nilitaka kuonekana mwembamba kwenye grupu, au kwa sababu nilitaka gauni linikatae ili nisilazimike kukataa mimi. Nimelifikiria sana tangu siku ile na bado sijui. Huenda ni yote mawili.

"Ungeniambia tu unaogopa," akasema.

"Naogopa."

"Basi. Na mimi naogopa." Akanisukuma kwa bega. "Twende ukapimwe kama mtu mzima."

Fundi akanipima upya, kwa sauti, mlango ukiwa wazi na jirani mmoja akisubiri suruali ya mwanawe. Mdogo wangu akaandika kwenye daftari. Kifua. Kiuno arobaini na nne. Nilingoja kitu kitokee baada ya namba ile kutamkwa hadharani. Jirani akauliza kama kuna uzi wa bluu. Fundi akasema, "Inua mkono," nikainua. Kumi na nane.

"Mikono tunafanyaje?" fundi akauliza.

Mdogo wangu akachezea kalamu. Najua alijizuia, kwa sababu si kawaida yake kunyamaza.

"Itoe," nikasema.

Sendofu ilifanyika Kibaigwa, kwa wazazi wetu, saa nane mchana, kwa sababu wageni wengi walitoka vijijini na walitaka kurudi kabla ya giza. Nilivaa gauni lile chumbani kwa mama. Zipu ilipanda yenyewe bila kuombwa. Kwenye kioo nilijiona nimekuwa mkubwa na wa manjano, na kwa muda wa kama dakika moja nilijipenda, kabla kichwa hakijaanza kuuliza maswali.

Mlangoni kwa ukumbi mama mkubwa alinifuata mbio. Alikuwa amejitanda mtandio wake wa zambarau juu ya sare, kama anavyojitanda kila mahali, hata jikoni. Aliuvua akaninyooshea. Nikaona kuwa mikono yake ni kama yangu. Sikuwahi kuiona.

"Chukua huu mwanangu, ujisitiri mabega. Watu wana macho."

Niseme ukweli, mkono wangu ulianza kwenda kuupokea. Mtandio ule ulitoka kwa mtu anayenipenda. Lakini mpambe ana kazi: ashike maua, ainue pindo la gauni la bibi harusi, awe na leso. Mtandio ungehitaji mkono wa kuushikilia.

"Asante, mama mkubwa. Leo mikono yote ina shughuli. Wewe je, ukiuacha tu hapo kwenye kiti?"

Alicheka kidogo, akaurudisha mabegani mwake. "Mimi niache, nimeshazeeka nao."

Muziki ukaanza, milango ikafunguliwa, na mdogo wangu akatangulia kuingia akicheza. Mshereheshaji alikuwa kijana wa pale pale mjini, amezoea kuchekesha madalali wa mahindi. Aliponiona akasema kwenye kipaza sauti, "Ndugu zangu, nani alisema mwaka huu mavuno ni hafifu? Mtazameni mpambe."

Ukumbi ukacheka. Macho yangu yakatafuta mlango. Sikusimama kidete kama nilivyowahi kujiwazia kitandani. Mdogo wangu aliacha kucheza. Alinigeukia akiwa amekunja uso, nikajua kwamba sekunde moja zaidi angekipokonya kile kipaza sauti kwenye sendofu yake mwenyewe. Nikamwambia, "Twende, usimtazame yeye. Niangalie mimi." Nikaanza kucheza, hatua mbili mbele, moja nyuma, kama tulivyofanya mazoezi chumbani. Shangazi mmoja akapiga vigelegele. Sijui kama alinipigia mimi au alikuwa anasubiri tu nafasi yake.

Tulipofika meza kuu na baba akasimama kusema maneno ya kumtoa binti yake, mdogo wangu akaanza kulia. Hakulia kwa madaha. Alilia mabega yakiruka na wanja ukishuka. Nikainua mkono wangu wa kulia na kumfuta kwa leso, nikaunyanyua tena, na tena, na kama ulitikisika ulitikisika. Kisha akaacha kungoja leso, akauficha uso wote begani kwangu, kwenye ngozi.

Mpiga picha alisogea akipunga mkono. "Dada mpambe, rudi nyuma kidogo. Unamziba bibi harusi."

Nilianza kurudi kwa mazoea. Mdogo wangu akanishika kiuno kwa mikono yote miwili.

"Mwambie apige hivi hivi," akasema, mdomo ukiwa bado begani kwangu.

"Anasema upige hivi hivi," nikamwambia mpiga picha.

Akapiga. Baba alisubiri na karatasi yake mkononi, na muziki wa kutuingiza, ambao ulikuwa umeshakwisha, ukalazimika kuwekwa tena tangu mwanzo, kwa sababu mdogo wangu alikuwa bado hajaniachia.