Emerensiana wa Taa za Duara

Ukifika Nsemulwa, mtaa wa mjini Mpanda, ukamuulizia Emerensiana, watu watakuuliza yupi, maana Wapimbwe wanalipenda jina hilo. Sema wa taa. Hapo watakuonyesha kibanda cha mabati kilichopakana na gereji ya fundi Fredrick, na ndani yake mama mmoja mwembamba, mpole wa maneno, aliyezungukwa na maboksi ya taa za gari. Zote ni za duara. Taa za aina nyingine hauzi.

Hakuanzia huko. Alikuwa muuza dagaa. Aliwafuata Kapalamsenga, ziwani, akawaleta kwa magunia sokoni Mpanda, na wateja wake walimjua kwa kuondoa mchanga kwenye dagaa kabla ya kuwapimia. Mumewe, Denis, aliendesha bodaboda. Wote wawili walizaliwa Usevya, kwenye mashamba ya mpunga, wakahamia mjini walipofunga ndoa, na Mungu akawapa mtoto mmoja, Angela.

Siku aliyokufa, Denis alikuwa amempeleka abiria Sitalike. Alirudi peke yake, jua limeshazama na barabara imeanza kuwa nyeusi. Askari wa barabarani walieleza baadaye jinsi ilivyokuwa. Mbele yake Denis aliona taa moja. Mwendesha pikipiki akiona taa moja anajua anakutana na pikipiki mwenzake, wapishane, kila mtu na njia yake. Taa ile haikuwa ya pikipiki. Ilikuwa taa ya kushoto ya pikapu kuukuu, Land Rover ya taa za duara, na ile ya kulia, iliyokuwa upande wa Denis, ilikuwa imeungua. Alipodhani pana njia tupu palikuwa na bodi la gari.

Dereva aliitwa Maduhu, Msukuma mwenye ng'ombe na mashamba huko Mpimbwe. Hakukimbia. Aliomba wapita njia wamsaidie, wakampakia Denis kwenye kiti cha mbele, akageuza gari kuelekea hospitali ya Mpanda. Denis alikata roho njiani, kabla hawajaziona nyumba za kwanza za mji.

Mahakamani Maduhu alisimama ameshika kofia kifuani. Alisema taa iliungua siku iliyotangulia, na kwamba asubuhi ile alikuja Mpanda kuitafuta, akazunguka maduka yote, hakuipata. Akaona awahi nyumbani kabla ya giza, lakini alichelewa. Hakimu alimwambia gari bovu lilipaswa kulala Mpanda, akampa kifungo.

Emerensiana alikaa nyuma kabisa na kitenge cheusi kichwani, na katika yote yaliyosemwa alishika neno moja tu, kwamba taa ilikosekana. Hakuliamini. Mji mzima huu, maduka yote haya ya vipuri, taa ikosekane? Kama mtu yule alidanganya kwa hilo, basi alidanganya kwa yote, na Emerensiana alitaka awe amedanganya. Alihitaji mtu wa kumchukia.

Baada ya arobaini ya marehemu alianza kuzunguka. Aliingia duka moja akatoka, akaingia la pili. Kila alikouliza taa ya duara ya Land Rover ya zamani, walimjibu hakuna, mama, magari ya siku hizi hayana taa hizo. Mwisho akafika kwa Fredrick, fundi wa umeme wa magari. Yeye alimtolea taa moja iliyokufa kutoka kwenye pipa la takataka, akampa aishike. Ilikuwa nzito kama bakuli la udongo. Fredrick alimweleza kuwa kioo, kibati kinachong'aa kwa ndani na waya unaowaka vimefungwa pamoja huko huko kiwandani. Huwezi kuifungua ubadilishe balbu. Ikiungua unatupa yote, unatafuta nyingine.

"Na kama nyingine haipo?" Emerensiana aliuliza.

"Mwenye gari anasubiri, mama Angela. Au anatembea hivyo hivyo."

Alirudi nyumbani na ile taa iliyokufa ndani ya mfuko wa dagaa. Maduhu alikuwa amesema kweli. Jambo hilo halikumpa nafuu, lilimwongezea uzito, kwa sababu sasa hasira yake haikuwa na mahali pa kukaa. Alimpikia Angela ugali, akamlaza, akabaki kwenye kigoda jikoni mpaka makaa yakawa majivu.

Msimu ule hakurudi Kapalamsenga. Alimwagiza mfanyabiashara mmoja wa Tabora amtafutie taa za duara popote zilipo, na mzigo ukaja kwa treni, umefungwa kwa magazeti na majani makavu. Wenzake wa sokoni walinong'ona kuwa msiba umemchanganya. Baba mkwe wake, mzee Gelasius, alituma salamu kali kutoka Usevya: mke wa mwanawe hawezi kufanya biashara ya kitu kilichomuua mumewe, na kama ameamua hivyo asikanyage kwake. Emerensiana aliendelea kupanga taa zake. Alijua tu kwamba mtu mwingine akija Mpanda kutafuta taa ile, asiondoke mikono mitupu.

Wakaja. Wenye Land Rover za mashamba, wenye matrekta, dereva wa parokia. Fredrick alimfundisha kufungua pete ya taa, kuchomoa plagi, kupachika taa mpya, kisha kulisimamisha gari mbele ya ukuta na kukaza skrubu mpaka mwanga ushuke barabarani, usiwapige watu machoni. Miaka ikapita kwa kazi hiyo.

Maduhu alikuja asubuhi moja ya kiangazi. Emerensiana alikuwa anafagia mbele ya kibanda. Alimtambua kwanza kwa namna alivyoshika kofia. Alikuwa amekonda, nywele zimeingia mvi. Madukani walikuwa wamemwambia taa za duara zinapatikana kwa mama wa Nsemulwa, hawakumtajia jina. Alipoona ni nani alisimama, kisha akaanza kurudi nyuma, akisema ataenda kutafuta kwingine.

"Kwingine hakuna," Emerensiana alimwambia. "Gari liko wapi?"

Lilikuwa kwenye kona, lile lile. Ndugu zake walilifunika turubai muda wote alipokuwa gerezani, na sasa alitaka kuliuza, ila hakutaka kumkabidhi mtu likiwa na taa moja. Fredrick aliona, akaja haraka kutaka kuifunga yeye. Emerensiana akakataa kwa kichwa. Alipiga magoti mbele ya gari, akafungua pete ya upande wa kulia. Skrubu moja ikamponyoka ikaingia mchangani, na Maduhu akainama kuitafuta. Waliitafuta wote wawili mpaka ikapatikana.

Taa ilipowaka, Emerensiana aliuliza bila kumtazama:

"Alisema nini njiani?"

Maduhu akaeleza kwamba Denis alimuuliza jina, naye akamwambia. "Akasema, 'Maduhu, pole pole kwenye mashimo, mguu unaniuma.' Nikaenda pole pole. Baadaye akasema anasikia baridi. Nikamfunika koti langu. Hakusema tena."

"Hakukutukana, wewe wala ukoo wako?"

"Hakunitukana, mama Angela."

Emerensiana alifuta mikono kwenye kitenge. Kulikuwa na swali jingine bado.

"Mimi hakunitaja?"

Maduhu aliangalia chini. Ingekuwa rahisi kwake kusema ndiyo, na hakuna mtu duniani ambaye angembishia.

"Hapana," alisema. "Nikisema alikutaja nitakuwa muongo."

Hapo ndipo Emerensiana alipolia, amesimama, ameegemea boneti. Kwa sababu ya hilo jibu, aliyaamini yale mengine yote: mashimo, baridi, koti. Denis hakuwa peke yake. Maduhu alikaa chini kwenye vumbi, kofia magotini, akasubiri mpaka alipomaliza.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Emerensiana alimchukua Angela wakapanda basi la Usevya. Hakuwa amepita barabara ile tangu mazishi. Alikaa dirishani Sitalike ikapita, mbuga ikapita, nyati wamesimama kwenye majani yaliyoungua, na hakufumba macho.

Mzee Gelasius alikuwa anapeta mpunga uani. Alimwona, hakumfukuza, wala hakumkaribisha. Angela alikwenda kumwamkia babu yake, na mzee akaushika mkono wa mtoto, hakuuachia. Emerensiana alipiga magoti palepale penye makapi, akamsimulia aliyoyasikia, neno kwa neno, bila kuongeza.

Mzee alimwomba arudie. Akarudia.

"Alimwambia aende pole pole?"

"Ndiyo, baba."

"Basi alikuwa na akili zake," mzee alisema. "Mimi nilidhani alikufa hajitambui."

Akauweka ungo chini. Akamwambia Angela akamwite bibi yake, na amwambie aongeze maji kwenye chungu, kuna wageni.