Tiketi Kumi na Sita za Mzee Gwakisa

Miezi tisa ilipita mzee Gwakisa hajafika kaburini kwa mkewe. Si kwamba alimsahau. Leseni ilifungiwa.

Mkewe, Flaviana, amezikwa mbele ya kitongoji cha Landover, nyuma ya maghala, ambako basi halifiki. Watu wa kanisani walimpeleka mzee mara mbili, kisha kazi zikawabana. Hakuwalaumu. Huku ughaibuni kila mtu ana zamu mbili. Gari lake, Corolla ya kijani, lilikaa chini ya dirisha lake kule anakoishi, Adelphi, likiokota majani. Kila Jumapili alishuka, akaliwasha, akalisikiliza kidogo, akalizima, akapanda tena juu.

Kisa ni tiketi, zile karatasi za faini ya maegesho. Flaviana alipolazwa mjini, mtaa wa Shaw, mzee aliegesha mbele ya hospitali, penye mita ya kulipia maegesho. Mita ile ukiilisha sarafu inashiba saa mbili, kisha inataka tena. Nani atamwacha mgonjwa akalishe chuma? Alikaa. Akishuka jioni anakuta karatasi chini ya waipa. Kusoma hajui, ila karatasi ile aliijua. Aliyezoea kumsomea alikuwa juu kitandani, na mzee hakutaka ajue. Akazisukuma chini ya kiti, moja baada ya nyingine.

Baada ya msiba zikaja barua. Azifungue, nani amsomee? Akaziacha. Hadi siku polisi alipomsimamisha, akamwambia leseni yake haifanyi kazi tena, na akishikwa anaendesha, ni jela.

Masika ya mwaka 2007, jirani yake Gahungu akagonga mlango. Ni Mrundi, kazi yake kuhudumia wazee, Kiingereza anacho.

"Muzee, umesikia? Jiji linatoa msamaha! Zile nyongeza za kuchelewa wanafuta zote. Unalipa faini ya mwanzo, leseni wanarudisha. Wiki tatu peke yake."

"Msamaha?"

"Kabisa."

Mzee akakaa chini. Neno hilo alilijua. Kwao Tukuyu, baba yake alimfundisha kwamba msamaha hauchukuliwi kama mkate dukani. Mkosaji hajisemei. Anatafuta mtu wa kumsemea, anabeba kitu mkononi, anainamisha kichwa, na kosa lake lote linatajwa mbele ya watu. Lililofichwa halisamehewi.

"Utanisemea?"

Gahungu akacheka. "Muzee, ile ni ofisi! Kule ni namba na sahihi."

"Utanisemea au hutanisemea?"

"Bon, haya. Nitakusemea. Sasa nifanye nini?"

Edna, binti yake aliyeko Texas, akasema kwa simu, "Baba, nitalipa kwa kompyuta. Dakika tano tu."

"Hela tuma," mzee akamjibu. "Kuomba naenda mwenyewe."

Wakaenda ofisi ya jiji, basi kisha treni. Mzee amevaa koti alilozikia mke, mkononi chane mbili za ndizi mbichi. Mlangoni mlinzi akazipitisha ndizi kwenye mashine ya kukagulia silaha, akaziangalia kwenye kioo, akamwangalia mwenyewe.

"Nini hii?"

"Ndizi za kupika," akasema Gahungu. "Anakuja kuomba msamaha."

"Msamaha wa ndizi mbili tatu hivi? Mwambie mimi nimeshamsamehe, apite."

Walipanga foleni mpaka miguu ikawaka moto. Dirishani alikuwapo mama mmoja, miwani imening'inia kwa mnyororo. Mzee akavua kofia, akasimama hatua moja nyuma, kichwa chini. Gahungu akakohoa, akaanza kwa Kiingereza: huyu ni mzee Gwakisa, mtu wa amani, hajagombana na jirani hata siku moja...

"Namba ya leseni," akasema yule mama.

Gahungu akageuka. "Muzee, hawataki maneno."

"Waambie kwanza."

"Kuna watu mia nyuma yetu!"

Akatoa namba. Mama akabonyeza mashine yake. Tiketi kumi na sita, zote mahali pamoja. Akazisoma tarehe, Gahungu akizigeuza Kiswahili, mzee akiitikia kila moja kwa kichwa.

Februari tisa. Siku ile Flaviana alimaliza uji wote. Februari kumi na nne. Alimcheka mumewe kwa kuvaa soksi zisizofanana, akacheka mpaka nesi akaja. Februari ishirini na mbili. Aliuliza kama kule nyumbani mvua bado inanyesha. Machi mbili. Alilala kutwa amemshika kidole. Siku zao zote zilikuwa mle ndani, na saa zake. Mtu baki amezitunza.

Mama akaacha kusoma. "Zimeisha."

"Muulize Machi kumi na moja," mzee akasema.

Gahungu akauliza. Mama akatafuta, akatafuta tena, akatabasamu. "Siku hiyo hana kitu. Ni safi."

Mzee akatikisa kichwa. Akasema polepole, akiangalia ndizi zake.

"Siku ile nilishuka kulisha mita. Yeye ndiye aliyenituma. Aliona karatasi ya jana, niliyoisahau, inachungulia mfukoni mwangu, akasema, Baba Edna, nenda kalipe, usije ukafungwa kwa ajili yangu. Nikashuka. Sarafu ikakwama, nikabaki nahangaika nayo. Narudi, wameshamfunika shuka. Miaka thelathini na minane, Gahungu, akaondoka peke yake. Hilo ndilo nililotaka linenwe."

Gahungu akashika ukingo wa dirisha.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anasema asante."

Mzee akatia sahihi, ile aliyofundishwa na Flaviana kuandika mezani jikoni. Ndizi zikarudishwa; mfanyakazi wa serikali hapokei zawadi.

Leseni ilipofunguliwa, hakungoja Jumapili. Aliziweka ndizi kwenye kiti cha Flaviana, akaondoka. Vibao hakuvisoma. Alifuata maneno ya mke ya enzi walipoipita barabara ile pamoja, kama alivyofuata siku zote: tangi la maji, kulia, uwanja mkubwa wa mpira, usiingie, pita moja kwa moja.

Pale makaburini hakukuwa na mita. Akaweka ndizi kwenye majani, akavua kofia, akainama. Wa kumsemea hakuwapo. Akaanza mwenyewe na siku ya uji. Akaja ya soksi, ya mvua, ya kidole. Alizitaja zote kumi na sita bila haraka. Ya kumi na saba, ile ya sarafu, akaishia katikati. Akairudia tangu mwanzo.

Mtunza makaburi akapita na kigari chake, akamgongea saa ya mkononi kwa kidole: lango linafungwa.

"Andika tiketi tu, mwanangu," mzee akamwambia kwa Kiswahili, bila kugeuka. "Leo sishuki."