Koti la Kompyuta

Saa nne asubuhi ya Jumamosi kompyuta ya marehemu Karani ilizima kwa mara ya sita, na mjane wake akaikazia macho kama anavyomkazia mteja anayerudisha sketi iliyokwisha kuvaliwa.

"Imekata tena," alisema binti yake, kitinda mimba wa nyumba hiyo. "Dakika tisa. Nimeshika saa."

"Ulikuwa umefika wapi?"

"Wapi, mama? Dakika saba inaamka, mbili inapumua, halafu inakufa. Sijafika popote."

Walikuwa chumba cha mbele, ambacho kwa miaka ishirini na sita kimekuwa chumba cha kushonea. Cherehani iko dirishani, meza ya kukatia katikati, na ukutani zimening'inia sare za shule ambazo hazijatiwa vifungo. Mama huyu amevisha nusu ya watoto wa mtaa ule. Ukimpita njiani atakutazama pindo kabla hajakutazama uso. Cherehani yake haijawahi kuguswa na fundi. Ikikohoa, anaifungua mwenyewe, anaisafisha, anaitia mafuta, na kazi inaendelea. Lakini hii kompyuta ilikuwa imemshinda tangu Jumatano, na leo ilikuwa siku ya mwisho.

Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa shule maisha yake yote, na mtaa mzima ulimwita hivyo, Karani. Alipojua kuwa ugonjwa wake hautapona, alimwahidi kila mtoto barua. Ya kifungua mimba aliandika, akaichapa, akaitia kwenye bahasha. Ya mtoto wa pili vivyo hivyo. Ya tatu ilimkuta ameshalala kitandani, akawa anaiandika humo humo, kompyuta mapajani. Wiki ya mwisho alimwambia mkewe kwa sauti ndogo, "Ya kitinda mimba imo kwenye kompyuta. Inakaribia kwisha." Miezi miwili baada ya mazishi, kaka na dada walikuwa wameshasoma zao mpaka karatasi zimelegea kwenye mikunjo, na yule aliyemlaza na kumwamsha baba yake hakuwa na hata neno moja. Kesho alfajiri alikuwa anaondoka kwenda kuanza kazi ya uuguzi katika mji wa mbali.

"Labda hakuniandikia," alisema sasa, akibonyeza kitufe cha kuwashia kwa mara ya saba.

"Usimsingizie marehemu."

"Sisingizii. Nasema labda."

Walikuwa wamejaribu kila walichoambiwa. Jumatano waliilaumu chaja, kwa sababu waya wake ulikuwa umekatika mara mbili na kufungwa gundi. Wakaazima ya mwalimu wa jirani, ikaingia sawasawa, taa ikawaka, kompyuta ikazima. Alhamisi wakailaumu betri. Binti akaitoa, akaipangusa sehemu zinazogusana na mashine kwa kitambaa kikavu, akashikilia kitufe nusu dakika akihesabu kwa sauti, akairudisha. Ikazima. Usiku huo mama alipiga magoti kitandani akaiombea kompyuta kwa jina lake kamili, jambo ambalo hajamweleza mtu. Ijumaa alimpigia simu kifungua mimba, ambaye tangu utotoni hajawahi kukosa ushauri.

"Mama, mmejaribu kuizima halafu mkaiwasha?"

"Mwanangu, kuzima inajua yenyewe. Sisi tunahangaika na kuwasha."

"Basi itakuwa ni virusi."

"Na iwe hata malaria. Dawa yake ni nini?"

Dawa hakuwa nayo. Jioni ile ile binti akaipeleka kwa fundi wa pale kona, anayetengeneza simu, redio na kila kitu chenye waya. Fundi aliiwasha, akainamisha kichwa, akaguna.

"Hii ni kupiga window upya, dada. Itakuwa kama imetoka dukani."

"Na vilivyomo ndani?"

"Vinaondoka vyote. Kama mna vitu vyenu, vitoeni kwanza."

"Tutavitoaje na inazima?"

"Ndiyo hapo sasa," alisema fundi, na akamgeukia mteja mwingine.

Ndiyo maana Jumamosi hii walikuwa wameirudisha kwenye meza ya kukatia. Kompyuta iliamka polepole, kioo kikapauka, kikapata rangi. Binti alikaa vidole vimesimama juu ya vitufe kama mtu anayesubiri kudaka kuku. Safari hii mama hakutazama kioo. Alifumba macho akasikiliza, kama anavyoisikiliza cherehani yake.

Ndani ya kile kitu kulikuwa na mvumo. Ulianza kama nyuki mmoja, ukapanda, ukawa wa kukazana, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo kichwani. Halafu kimya. Kioo cheusi.

"Nane," alisema binti, na akaupiga mkono wake mezani mpaka pini zikaruka. "Mimi basi. Mpe fundi aipige window, imalizike."

"Subiri."

"Nimesubiri miezi miwili, mama."

"Nimesema subiri."

Mama alilowesha kidole kwa ulimi, kama anavyopima pasi, akakipitisha chini ya kompyuta. Alikirudisha haraka. Akakiangalia. Kisha akaiangalia kompyuta yenyewe.

Kompyuta ile ilikuwa imevaa koti. Alilishona yeye. Karani alipoanza kuandikia kitandani alilalamika kuwa mashine inamuunguza mapaja, na siku hiyo hiyo mkewe akachukua vipimo vyake kama vya mtoto wa shule, akakata kitambaa kizito cha suruali, akakitia sifongo ya godoro katikati, akakipiga mishono ya mraba, akaacha nafasi ya kioo, ya vitufe, ya waya na ya betri tu. Chini aliziba kote ili joto lisipite. Akatia vifungo vinne. Ilikuwa kazi safi, na kila aliyekuja kumjulia hali mgonjwa aliisifu. Karani alisema, "Sasa hata ikiungua, inaungua peke yake."

Na tangu siku hiyo ilikuwa inazirai. Ndivyo Karani alivyokuwa anasema, "Mwenzangu amezirai tena," na nyumba nzima ilidhani kompyuta imezeeka.

Mama alifungua vifungo kimoja kimoja. Binti alikuwa anamtazama, na mama alijua kuwa ameshaelewa, maana mtoto yule hakuwahi kuhitaji kuambiwa jambo mara mbili. Chini ya koti kulikuwa na matundu madogo ya kutolea joto, na yote yalikuwa yamejaa manyoya ya sifongo na nyuzi za kijivu. Waliitoa betri. Mama akachukua kibano chake cha nyuzi na brashi ya kusafishia cherehani, akavaa miwani, akaanza kuvuta. Kulitoka donge la uchafu la ukubwa wa yai la njiwa. Waliiacha ipoe kwa muda wa kushona vifungo vya sare mbili, na mama alivishona kweli. Kisha akaipandisha kompyuta juu ya roli mbili za uzi ili hewa ipite chini, na binti akaiwasha.

Dakika tisa zikapita. Kumi. Ishirini.

"Mimi ndiye niliyekuwa ninaizima," alisema mama.

Binti alikuwa ameshainamia kioo. Alikuwa anatafuta. Alipata faili la kaka yake, lenye jina lake. Akapata la dada yake. Akatafuta la kwake kwa jina lake, kwa jina lake la utani, kwa neno "barua", kwa neno "mwanangu". Hakuna. Alisukuma kiti nyuma.

"Si nilisema?"

"Alisema inakaribia kwisha. Baba yako hakuwa mwongo."

"Basi iko wapi?"

Ndipo mama akakumbuka jinsi Karani alivyofanya kazi. Alianzia kwenye taipureta, na mwenendo wa taipureta haukumtoka. Hakuhifadhi kitu mpaka ameweka jina lake chini. Kwake yeye, kabla ya sahihi hakuna barua, na karatasi haitoki kwenye mashine mpaka sahihi iwepo. Binti alimfundisha mara ngapi, "Baba, bonyeza hapa kila baada ya aya," naye akajibu, "Nitabonyeza nikimaliza, mama yangu." Sasa fikiria mzee wa namna hiyo, mwenye mwendo wa kobe, na mashine inayozirai kabla hajamaliza ukurasa.

"Hakuwahi kuhifadhi," alisema mama. "Kila ikizima, alikuwa anaanza upya."

Binti akafungua ile programu ya kuandikia yenyewe, bila faili, akasubiri. Pembeni pakajitokeza orodha ya hati ambazo mashine ilizishika yenyewe ilipokuwa inazimika. Zilikuwa kumi na moja. Hazikuwa na majina, tarehe tu.

Alifungua ya kwanza, akaisoma kwa sauti.

"'Mwanangu mpendwa, natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya kama sisi sote tulivyo, ukiniondoa mimi. Dhumuni la kukuandikia ni jambo moja kubwa. Lakini kabla ya jambo hilo...'"

Ikakatika hapo.

Ya pili ilianza na hali ya hewa. Ya tatu ilisema, "Barua ya jana imepotea kwa sababu mwenzangu amezirai, kwa hiyo natoa salamu upya." Ya tano ilisema, "Nakusikia unafua uani. Unagombana na ndoo." Ya saba ilikuwa ndefu kuliko zote. "Umeingia sasa hivi kuniuliza kama nimemeza dawa. Nimesema ndiyo. Iko chini ya mto. Nitaimeza ukirudi jikoni, maana nataka kwanza nikutazame unavyoondoka bila kujua kuwa nakuandikia wewe."

"Nilijua kuhusu ile dawa," alisema binti.

Ya kumi na moja ilianza, "Mwanangu, leo nitafupisha." Ikafuata nusu ukurasa ya salamu, za shangazi, za jirani, za daktari. Kisha mstari mpya: "Jambo lenyewe ni hili." Na chini yake weupe mtupu.

Binti alishusha ukurasa mpaka mwisho, akaupandisha, akaushusha tena. Kompyuta ilikuwa inavuma taratibu juu ya roli za uzi, nzima kabisa, haina neno.

"Unadhani lilikuwa jambo gani?"

"Utaniuliza mimi? Nimekaa naye miaka thelathini na minne nikisubiri afike kwenye jambo."

Binti alicheka, kisha kicheko kikageuka, akajipangusa uso kwa kipande cha kitambaa cha sare. Akachomeka flashi, akazinakili zote kumi na moja, akaanza kutafuta viatu vyake aende kuzichapa kabla duka halijafungwa.

"Chagua ile ndefu," alisema mama. "Nyingine ni salamu tu."

"Nataka zote."

Alipotoka, mama alibaki na koti mikononi. Mishono yake ilikuwa imenyooka kama mstari wa rula, hata mmoja haukuyumba, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Alifumba macho palepale mezani, kati ya pini na chaki. Akamwomba Mungu amsamehe kwa ajili ya koti. Kisha, kwa kuwa hasira ilikuwa bado haijamtoka, akamwomba pia, kama nafasi itapatikana, amuulize Karani jambo lenyewe lilikuwa nini, na asimruhusu kuanza na salamu.