Ini Langu na Mikono ya Mkwe

Siku niliyoripoti kazini katika zahanati ya Kinyala nilimkuta Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, ameinamia jiko la mkaa anaota moto. Mvua ilikuwa inanyesha kama ilivyo kawaida yetu Rungwe, na nilidhani mzee anasikia baridi tu. Nikasimama mlangoni na viatu vyangu vya tope, nikingoja amalize. Hakumaliza. Alinitazama kwa pembeni akasema, "Kijana, sogea upashe mikono. Leo tuna wagonjwa wa tumbo."

Alikuwa mtu wa Tanga, na Kiswahili chake kilitufanya sisi Wanyakyusa tuone haya kufungua midomo. Lakini kazi ninayoijua alinifundisha yeye. Enzi hizo tabibu msaidizi, na ndicho kilichokuwa cheo changu, hakuwa na mashine ya kumtazama mtu ndani. Ukitaka kujua hali ya ini, unalipapasa. Mgonjwa analala chali, anakunja magoti ili tumbo lilegee, nawe unalaza mkono upande wake wa kulia, chini kabisa karibu na nyonga, kisha unapanda polepole kuelekea mbavuni. Kila anapovuta pumzi, ini linashuka kidogo. Kama limevimba, utasikia ukingo wake ukigusa kidole chako.

Wanagenzi wengi huanzia mbavuni, kwa sababu ndiko walikosoma kuwa ini linakaa. Basi likiwa limevimba sana wanakuwa wameshaweka mkono juu yake tangu mwanzo, ukingo hawauoni, na mgonjwa anarudishwa nyumbani akiambiwa kwamba ini lake ni zima. "Anzia chini," Mfawidhi alikuwa akinikumbusha mpaka nikachoka. "Na mkono wa baridi usimpelekee mtu. Tumbo litajifunga, na likishajifunga hulifungui kwa nguvu."

Kutoka Kinyala nilihamishiwa Suma. Huko ndiko nilikochemsha mabomba ya sindano kwenye sufuria asubuhi, tukayatumia kutwa, jioni tukayachemsha tena. Sindano ikiwa butu tuliinoa kwa jiwe. Glavu zilikuwa za kuzalishia akina mama, hazikutosha kwa kazi nyingine. Vidole vyangu vimechomwa mara nyingi kuliko vya fundi cherehani, na hakuna aliyeona ajabu. Unanyonya kidole, unaita mgonjwa mwingine.

Miaka yangu ya mwisho niliifanyia hospitalini mjini Tukuyu, chini ya Mganga Mkuu wa Wilaya, mama mmoja mkali ambaye hata madereva walikuwa wakizima redio akipita. Siku moja alinisikia nikimwambia mgonjwa kwa madaha kwamba maumivu yake ni ya nyongo. Aliniita pembeni.

"Umejuaje?" akaniuliza.

"Kwa uzoefu, mama."

"Basi huo uzoefu uufundishe kusema sijui. Mgonjwa ukimwongopea kwa upole, atakushukuru, halafu atakwenda kufia nyumbani."

Nilikasirika, nakiri. Lakini neno lake lilinikaa kichwani, na nililitumia mara nyingi kwa wagonjwa wangu. Sikujua kwamba siku moja nitaambiwa mimi.

Nilistaafu nikarudi nyumbani Kawetele, kwenye migomba yangu na kipande cha chai. Haukupita muda jirani yetu akalazwa, ikahitajika damu, nami nikajitolea nikiwa wa kwanza kwenye foleni, kifua mbele. Damu yangu ilikataliwa. Ilikutwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Sikuwa na dalili hata moja. Nilikuwa nalima, nakula ndizi zangu, nalala vizuri. Nimevipata wapi? Labda kwenye zile sindano za Suma, labda kwa mama yangu wakati wa kuzaliwa, labda kwenye nyembe tulizonyolewa kwa zamu utotoni. Kila nikijiuliza napata jibu jipya. Mke wangu alipimwa akakutwa salama, akachanjwa, na watoto vivyo hivyo, namshukuru Mungu.

Vipimo vyangu vilikuwa vibaya. Wingi wa virusi ulikuwa juu, na vimeng'enya vya ini navyo juu. Hivyo ni vitu vinavyovuja na kuingia kwenye damu ini likiwa linaumia. Daktari wa kliniki, kijana mpole, akanianzishia vidonge vya kuvidhibiti virusi, kimoja kila siku, pengine maisha yangu yote. "Mzee, hivi haviachwi kienyeji," akanionya. "Ukiviacha ghafla, virusi vinaweza kurudi kwa hasira na ini likaungua." Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa kazi hiyo, asiwe na hofu.

Nilimeza kwa uaminifu. Vipimo vikaanza kuwa vizuri. Na hapo ndipo maumivu yalipoanza.

Hebu nisaidieni ninyi vijana mliosoma. Nilipokuwa mgonjwa sikuumwa. Karatasi ziliposema naelekea kupona, nikaanza kusikia kitu chini ya mbavu za kulia. Si maumivu ya kulia machozi. Ni uzito, kana kwamba nimemeza kiazi kizima na kimekataa kushuka. Kinakuja baada ya kula, halafu siku nyingine kinakuja nikiwa sijala. Nikilalia ubavu wa kushoto kinapoa, kesho yake nikilala hivyo hivyo kinazidi. Mfawidhi wa Kinyala alizoea kusema kwamba ini ni pole, halisemi. Ukisikia kelele ujue wanaosema ni majirani zake. Sasa huyu aliyekuwa anasema kwangu alikuwa nani? Vidonge vinaniunguza? Ugonjwa umerudi? Tumbo tu? Nimewapapasa watu wengi maishani mwangu, lakini la kwangu sikulijua.

Nilijaribu. Nilijilaza chali kitandani mchana, nikakunja magoti, nikapasha mikono kwenye jiko kwanza kama nilivyofundishwa. Ikashindikana. Nikibonyeza, tumbo linakaza kwa sababu linajua mkono unakuja. Nikivuta pumzi, sijui kama kilichogusa kidole ni ini au ni wasiwasi wangu. Wahenga walisema mganga hajigangi. Nimeusema msemo huo tangu utotoni na sikuwahi kufikiria kuwa ni habari ya vidole.

Mtauliza kwa nini sikwenda kliniki. Hapo sasa ndipo penye aibu ya kwetu.

Yule daktari kijana alihamishwa, na aliyeshika chumba chake ni Daktari Tusekile. Tusekile ni mke wa mwanangu Lusajo. Ni mkwe wangu. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkaza mwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Hakai nilipokaa, halitaji jina langu, na tukikutana njiani anaingia majanini mpaka nipite. Najua wengi wameacha, na vijana wa mjini wanakula meza moja na wakwe zao wakicheka. Kwangu tulilegeza, hatukuacha. Nyumba yangu ina milango miwili. Nikifika uani nakohoa, naye akiwa sebuleni anatokea mlango wa jikoni. Akitaka kunisalimu anasimama nyuma ya mlango huo, anatazama pembeni na kumwambia mke wangu, "Mama, mwambie baba nawasalimu." Ananitaja kwa wingi, kama lugha yetu inavyotaka. Mimi namjibu mke wangu. Huo si ugomvi. Ni heshima, na katika heshima hiyo nampenda binti yule kuliko ninavyoweza kueleza.

Sasa mtu kama huyo nimwendee, nilale chali, nifunue tumbo? Nikawa namtuma mke wangu kuchukua vidonge, na salamu kwamba naendelea vizuri.

Asubuhi moja, baada ya siku kadhaa mbaya, nilichukua kopo la vidonge nikaliweka juu ya kabati. Nikamwambia mke wangu kuwa napumzika dawa mpaka nione ini litasema nini. Alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama.

"Baba Lusajo, wewe si ndiye uliyeniambia hazikatishwi?"

"Niliambiwa mimi. Na ninayeumwa ni mimi."

"Unaumwa na dawa au unaumwa na aibu?"

Akafuta mikono kwenye kitenge, akapanda kwenye kigoda, akalishusha lile kopo na kulitia kwenye mkoba wake. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema. "Vaa. Tunakwenda kwa Tusekile. Nikiwa mjane hiyo heshima nitaipikia nini?"

Tulipanda bodaboda mbili mpaka mjini. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa ugonjwa, na niliogopa ule mlango zaidi. Jina langu lilipoitwa nilisimama mlangoni pa chumba, na kwa mazoea ya miaka nikakohoa. Ndani nikasikia kiti kikisukumwa. Mke wangu, aliyekuwa ametangulia kuingia, ananiambia kwamba Tusekile alikuwa ameinuka tayari, kipimo cha presha mkononi, anatafuta mlango wa pili wa kutokea. Chumba kile kina mlango mmoja, na mimi nilikuwa nimeuziba.

Yeye alitazama dirisha, mimi nikatazama bango la chanjo. Mwishowe akaketi na kusema kwa sauti ya jikoni ninayoifahamu, "Mama, muulize baba wanaumwa wapi."

Mke wangu akanigeukia, nami nimesimama nusu hatua tu kutoka kwake. "Anauliza unaumwa wapi."

"Mwambie chini ya mbavu, kulia."

"Anasema chini ya mbavu, kulia."

"Muulize, zaidi ya vidonge, wanatumia kitu gani kingine."

"Mwambie situmii kitu," nikasema.

Mke wangu hakuyafikisha hayo. "Na ile mizizi ya mzee wa kanisa unayochemshia nyuma ya zizi?" akaniuliza. "Au ng'ombe ndiye anayeinywa?"

Nilidhani hajui. Maisha yangu yote ya kazi niliwafokea watu kwa mizizi, na maumivu yaliponizidia nikaichemsha, kwa kuwa mzee yule alisema inasafisha ini. Nilisikia Tusekile akizuia kicheko. Kisha akaacha kuzuia, akacheka kidogo, na mimi nikacheka, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka na mkwe wangu ndani ya chumba kimoja.

"Mama, mwambie baba walale hapa."

Nililala. Nilifumba macho kwa haya, nikakunja magoti bila kuambiwa. Nikangoja mkono wa baridi mbavuni, na ulimi ulikuwa tayari kumwambia aanzie chini. Badala yake nikasikia anasugua viganja, muda mrefu, kama mtu anayeota moto usioonekana. Halafu mkono wake ukatua karibu na nyonga, ukiwa na joto. "Wavute pumzi," akasema. Nikavuta. Mkono ukapanda kidogo. Nikavuta tena. Sikumfundisha mimi, na yule mzee wa Tanga hakumwona kamwe. Machozi yalinitoka pembeni nikayaacha yaende masikioni.

Alipomaliza alinifunika shati kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama, mwambie baba ini halijavimba, sijalikuta chini ya mbavu. Lakini kwa nini wanaumwa, sijui bado. Inaweza kuwa mizizi, inaweza kuwa tumbo, inaweza kuwa dawa, ingawa dawa hii ni mara chache. Waache mizizi. Vidonge wasiache. Tutapima damu na kutazama kwa mashine."

Nilimsikia mama yule mkali wa wilaya amesimama nyuma ya neno lile "sijui". Safari hii sikukasirika. Nilimwambia mke wangu anirudishie kopo langu, nikameza cha siku hiyo pale pale.

Mashine haikuona uvimbe. Vimeng'enya vilikuwa vimepanda kidogo, na mizizi ilipoachwa vikashuka. Mngetegemea niwaambie kwamba basi ilikuwa mizizi. Lakini kile kiazi hakijaondoka chote. Kinakuja kinakwenda, na wakati mwingine kinakuja siku ambayo karatasi zinasema niko vizuri kuliko jana. Nimefanya kazi ya kuwaambia watu wanaumwa nini, na sasa nazeeka nikiwa sijui ninachoumwa. Namsumbua Mungu kwa maswali, kisha nameza kidonge, kisha nakwenda kupalilia.

Jumapili iliyopita Lusajo na mkewe walikuja. Nilitoka kwenye migomba, nikafika uani nikakohoa kama siku zote. Nikangoja kusikia mlango wa jikoni. Haukulia. Nilipoingia sebuleni nilimkuta Tusekile amesimama palepale, macho chini, mikono imeshikana mbele. Mke wangu alikuwa kisimani. Hapakuwa na mtu wa kupitishia maneno.

"Baba," akasema, "bado mnaumwa?"

Nilitafuta kwa macho mtu wa kumjibia, nikakosa.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia.

"Basi kaeni," akasema. "Ngojeni nipashe mikono."