Ndimu ya Mlangoni na Kikombe cha Pili

Ravindra anauza sufuria Mtaa wa Msimbazi, ukuta mmoja na duka langu la kamba. Kazaliwa hapahapa Kariakoo. Mnene, mwepesi wa kucheka. Mteja hajavuka kizingiti, keshaulizwa habari za watoto.

Mlangoni kwake ilining'inia ndimu na pilipili za kukinga kijicho. Kila Jumamosi mkewe, Harshida, alitundika mpya. Wahindi wengi hapa wanafanya hivyo.

Siku hizi Ravindra anakwenda Upanga, kwenye hekalu la Wabudha. Mtawa akawaambia akili ya mtu imetiwa pingu, na pingu mojawapo ni kung'ang'ania desturi ukidhani ndiyo itakuokoa. Akarudi, akapanda stuli, akaishusha ndimu.

Asubuhi ile hakuna aliyenunua hata mfuniko. Ravindra akawa anautazama msumari mtupu kama mtu aliyeng'olewa jino.

"Baba Jeet, irudishe tu," Harshida akasema. "Pingu utakata tukishakula."

"Sirudishi!"

Mchana akaja mama lishe, akabeba sufuria kubwa tatu. Hapo ndipo tulipokoma. Kila anayepita anaambiwa: mimi nimekata pingu, mimi si mtu wa ndimu tena.

Nikamwambia, "Ravi, hata huko kujisifu nadhani ni pingu."

"Ni pingu kweli, Mzee Tarsis. Lakini hiyo iko mbele huko, sijaifikia."

Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu nimzike mke wangu, Mama Shukuru.

Na langu Ravindra alilijua. Kila asubuhi nilimimina chai ya rangi vikombe viwili, changu na cha marehemu. Chake kinapoa, namwaga. Kuacha niliogopa. Ataona nimemsahau.

Hakunihubiria. Kesho yake alikuja na ile ndimu, akaketi kwenye benchi langu, akaikamulia kwenye kikombe cha pili, akanywa. Moyo ukanilipuka.

Akakunja uso. "Mama Shukuru alikunywa na ndimu?"

"Hapana. Tangawizi."

"Si ungesema, mzee! Haya, kesho tangawizi."

Jioni nilipita sokoni, nikanunua.

Siku hizi simwagi chai. Anakuja, anakunywa, ananiuliza habari za Mama Shukuru, nami namsimulia. Shida moja tu: sasa anataka na maandazi.