Drili Mbili Mlangoni pa Basi

Jumanne saa tatu asubuhi, dereva wa basi hapa mtaani Handsworth, ughaibuni, alimkatalia mama mmoja Mkenya kupanda. Kiti chake cha magurudumu kinaendeshwa na drili mbili za betri, alizozifunga mwanawe fundi baada ya kuchoka kusubiri kiti cha umeme cha hospitali.

"Mitambo ya kujitengenezea haipandi," dereva alisema.

"Mama ana daktari saa nne!" Mwana akazifungua drili, akazitia begini. "Haya, sasa ni vifaa vya kazi."

"Nimeshaziona," dereva akajibu.

Fundi mwingine akawapita, akapanda na drili yake mkononi. Hakuulizwa neno.

"Usimbembeleze, baba," mama akamwambia mwanawe. "Nisukume."

Sheria inayoiogopa drili pale tu inapombeba mgonjwa haimlindi abiria yeyote.

Mwanawe amenithibitishia kwamba walichelewa, wakarudishwa nyumbani bila kumwona daktari.